Gogo Moja, Msumeno Mmoja, Visu vya Mama

Bucha, 4 Februari

Kaka, shikamoo.

Tumemzika Mama. Ulishaambiwa na mkuu wa gereza, lakini nataka ulisikie kwangu pia. Presha ilimwangusha akiwa amesimama kazini, mkono mmoja juu ya paja la ng'ombe. Alipoanguka, paja lilimfuata chini. Mteja aliyekuwa akingoja alidhani ameinama kuokota kitu, akaendelea kuzungumza naye.

Sasa kaa chini ndipo usome linalofuata. Tuliporudi kutoka makaburini nilikuta bucha iko wazi. Komeo, huyo mume wake, alikuwa ametutangulia na watu wawili. Wamechukua gogo la kukatia, msumeno wa mifupa, shoka, na ule mkoba wa ngozi wenye visu vyote vya Mama. Gogo walilibingirisha barabarani kama tairi, watu wakapisha. Kila kitu amekifungia kwenye stoo ya nyumbani kwake.

Nilimfuata. Nilimkuta ananawa mikono. Nikamwambia, "Baba, vile ni vyangu. Mama alinipa." Unajua, si baba yetu, huwa namwita hivyo ninapomwogopa tu.

Akasema, "Vyako? Si wewe kazi yako ni vitabu? Mke wangu amekufa. Vya mke wangu ni vyangu."

Nikasimama mlangoni ili asipite. Akanishika kidevu, polepole kabisa, akanisogeza kando kama mtu anavyosogeza pazia. Mikono yake ilikuwa bado na povu.

Sikulia. Nilirudi bucha nikakaa pale gogo lilipokuwa. Sakafu ya pale ina mviringo mweupe ambao haujawahi kuguswa na damu, na nilikaa ndani yake mpaka miguu ikafa ganzi. Nilikuwa nikifikiria mambo ambayo sitayaandika.

Nimeenda kwenye ofisi ya msaada wa sheria. Wakili niliyepewa ni mwanamke kijana anayetafuna kalamu. Ameniambia ninaweza kudai mahakamani nirudishiwe kitu chenyewe, si fidia yake. Nikamwambia ndicho ninachotaka. Visu vipya nitavipata popote. Sitaki vipya.

Sababu yangu nyingine nikuambie wazi. Unatoka mwezi wa sita, na mimi nakujua. Ukikuta visu vya Mama viko kwenye stoo ya yule mtu, utakwenda pale hata hujaoga, na utarudi humo ndani kwa kosa lisilokuwa na mwezi wa kutoka. Mara ya kwanza ulimvunja taya. Safari hii utamvunja nini? Nataka siku unapotoka stoo ile iwe tupu, usiwe na cha kufuata. Nitavitoa kwa karatasi. Wewe niahidi utulivu tu.

Mdogo wako.


Gerezani, 15 Februari

Msomi, marahaba.

(Afande unayesoma hii kabla yake: shikamoo na wewe. Mkono wangu ni mbaya, nivumilie.)

Walinikuta karakana nikipiga randa mbao za madawati. Afande akasema, "Mama yako amefariki, pole, unaweza kupumzika." Nikamwambia sitaki kupumzika. Nikapiga randa ule ubao mpaka ukawa mwembamba wa kuonyesha mwanga, halafu nikauvunja.

Kuhusu Komeo, mwambie hivi:

[mistari minne imefutwa kwa wino mweusi]

Na hata akikimbilia kwa mama yake:

[mistari miwili imefutwa]

Unataka nikuahidi utulivu. Nakuahidi nitatulia mpaka mwezi wa sita, kwa sababu humu ukuta ni mrefu. Baada ya hapo tusidanganyane. Karatasi! Mdogo wangu, yule mtu karatasi anafungia sukari. Lakini jaribu. Wewe ndiye uliyesoma, mimi kazi yangu ilikuwa kubeba ng'ombe mabegani.

Unakula? Nani anakubebea nyama kutoka machinjioni?

Kaka yako.


Bucha, 2 Machi

Kaka, shikamoo.

Mistari yako iliyofutwa nimeisoma yote. Afande ana wino kidogo kuliko anavyodhani. Ile ya mama yake usiirudie, hata kwa utani.

Nakata kwa visu vya kuazima. Kimoja kina mpini wa plastiki unaoteleza, na kila nikikata mbavu nahisi kama nashikana mkono na mtu nisiyemwamini. Nyama nabebewa na kijana wa machinjioni. Anaiangusha.

Kesi ilisikilizwa juzi, na nimeiharibu mwenyewe. Wakili aliniambia ni lazima nieleze kila kitu barabara, ili dalali wa mahakama akienda kukichukua asichukue cha mtu mwingine. Nikaona hilo ni jambo la msomi. Nikatafuta maboksi ambayo Mama alihifadhia visu alipovinunua, nikanakili urefu wa kila kimoja kama kiwanda kilivyoandika. Nilijivunia kazi yangu, Kaka. Niliipiga taipu.

Hakimu akaamuru visu viletwe vipimwe. Komeo akavileta amevifunga kwenye gazeti kama samaki. Hakuna hata kimoja kilicholingana. Wakili wake akauliza, "Mheshimiwa, mdai anadai visu virefu. Hivi ni vifupi na vyembamba. Je, mteja wangu anadaiwa vitu vilivyomo kwenye ndoto za binti huyu?" Watu wakacheka. Komeo alicheka mwisho, baada ya wote kunyamaza, akinitazama.

Nilivitambua, nakuapia. Vilikuwa mezani, mbele yangu, ningeweza kunyoosha mkono. Lakini karatasi yangu ilisema si vyenyewe. Hakimu amenipa nafasi ya kurekebisha maelezo. Sijui nirekebishe nini. Ameviweka tena mikononi mwa Komeo mpaka kesi iishe.

Nilipotoka nje aliniambia, "Binti, nenda shule."

Mdogo wako.


Nyumbani, 8 Machi

Binti yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa upendo wa mzazi. Mimi si mtu wa kuandika barua, lakini naona wewe lugha ya mdomo huielewi, basi tuandikiane.

Umenipeleka mahakamani mbele za watu. Nimesimama kwenye kizimba na suti ya harusi yangu na mama yako, ambayo bado inanitosha. Sikukasirika. Mimi huwa sikasiriki, muulize yeyote. Mama yako mwenyewe aliishi nami miaka yote ile, ulimsikia akilalamika? Alikuwa mwanamke mtulivu sana nikishamtuliza.

Nakushauri kama baba. Mwanamke anayeishi peke yake nyuma ya bucha, na mlango wa uani usiofungika vizuri, hapaswi kutafuta ugomvi. Nimepita pale mara kadhaa kuutazama. Bawaba ya chini imelegea. Siku moja nitakuja nikurekebishie.

Kaka yako msalimie. Mwambie taya limepona, natafuna vizuri, hata mifupa.

Baba yako.


Gerezani, 14 Machi

Msomi,

Nimecheka mpaka nyapara akanitishia. Umepima maboksi! Mtu amezaliwa ndani ya bucha, amekulia chini ya gogo, halafu anapima maboksi!

Kisu huliwa, mdogo wangu. Kila asubuhi Mama alikipitisha kwenye chuma cha kunolea, kila Jumamosi kwenye jiwe. Kile kirefu cha kufungulia paja, ulipokuwa unajifunza kutembea kilikuwa kirefu kuliko mkono wako. Mwaka nilioingia humu alikuwa anakitumia kutolea mifupa ya shingo, kimebaki chembamba kama jani. Boksi halikunolewa, ndiyo maana limebaki vile vile. Wewe ulikuwa chuo wakati visu vinaisha.

Mwambie Wakili aandike hivyo: vilikuwa virefu, vimekwisha kwa kunolewa, na vimekwisha zaidi upande wa karibu na mpini kwa sababu Mama alikuwa anaanzia pale. Komeo hajui kunoa hata penseli, hawezi kueleza vimeishaje.

Na bado nina hasira, usidhani nimesahau. Ila hiki kicheko kimenisaidia. Nimelala usingizi.

Kaka yako.


Bucha, 29 Machi

Kaka,

Samahani kwa mwandiko. Mlango wa bucha umenibana vidole vya mkono wa kulia, naandika kwa kushoto. Si kitu.

Maelezo yamerekebishwa kama ulivyosema, na hakimu ameyakubali. Komeo aliulizwa visu vimeishaje, akasema vilikuja hivyo. Sasa amebadilisha. Anasema sawa, ni vya marehemu, lakini marehemu hakunipa, basi ni vyake kama mume. Kwa hiyo nahitaji shahidi aliyemwona Mama akinikabidhi. Shahidi ni wewe peke yako. Unakumbuka, ile likizo, alivyoufungua mkoba mezani akasema, "Hivi, na gogo na vyote vya kukatia, ni vyako. Si vya mume wangu, wala si vya kaka yako, yeye abebe." Ukasusa.

Wakili atakuja kuchukua hati yako ya kiapo. Sema hilo tu. Usiongeze tusi.

Mdogo wako.


Gerezani, 10 Aprili

Mdogo wangu,

Wakili alikuja. Nimeapa, nimesema, nimetia sahihi. Sikuongeza tusi. Wakili ni mzuri wa kusikiliza, ila kalamu yake ina meno.

Sasa tuzungumze mimi na wewe. Mlango wa bucha ni wa chuma, unakunjwa juu. Mimi ndiye niliyekuwa naupaka mafuta. Ukianguka utakupasua kichwa, lakini vidole haubani. Mlango unaobana vidole ni wa stoo ya Komeo. Ule mzito, wenye komeo kwa ndani, uliompa jina lake.

Ulikwenda kufanya nini pale? Na ameubana mara ngapi?

Kabla hujanijibu kwa woga, sikiliza. Nilipoisoma barua yako nilisimama nikashika nondo za dirisha, na nikangoja ile kitu ije. Unajua ninayosema, ile hasira yangu. Ilikuja nusu. Nusu nyingine haikuja. Nimechoka, mdogo wangu. Humu kuna wanaume wamejaa, na kila mmoja ana Komeo wake, na kila usiku wanamuua upya, na asubuhi wanaamka wako hapa hapa. Mimi nataka kutoka nikae mahali penye mlango ambao naufungua mwenyewe. Yule mtu simtaki tena, hata kumpiga simtaki.

Kwa hiyo niambie ukweli bila hofu. Sitakwenda kwake.

Kaka yako.


Bucha, 6 Mei

Kaka, shikamoo.

Tumeshinda.

Hakimu alisoma hukumu kwa sauti ya mtu anayesoma bei za dukani. "Gogo moja la kukatia nyama. Msumeno mmoja wa mifupa. Shoka moja. Visu katika mkoba wa ngozi. Mdaiwa avirejeshe kwa mdai." Dalali wa mahakama atavifuata siku ya mwisho ya mwezi huu, pamoja na askari mmoja. Mimi nitakuwepo ili nivitambue.

Nilingoja nifurahi. Bado nangoja.

Vidole ni kweli. Nilikwenda kuchungulia stoo, nione kama gogo linapata unyevu, maana likilowa linapasuka. Niliweka mkono kwenye fremu. Alikuwa ndani, gizani, ananitazama muda wote. Aliubana mara moja, halafu akaegemea. Hakusukuma, Kaka, aliegemea tu, kama mtu anayengoja chai ichemke. Aliniuliza, "Nani aligonga?" Vidole viwili vilivunjika. Vimeunga. Nakata tena.

Nimekuficha kwa sababu nilidhani utalipuka. Barua yako niliisoma mara nyingi nikiutafuta ule mlipuko, sikuuona. Nikajikuta, sijui niseme vipi, nimekasirika na wewe. Kama vile kulikuwa na mzigo tumeubeba wawili, ukaweka upande wako chini bila kuniambia.

Nikuulize jambo ambalo sijawahi kukuuliza. Mahakamani wakili wa Komeo alisema, "Shahidi wa mdai ni mfungwa aliyemvunja mteja wangu taya kwa shoka, mbele ya mama yake mzazi, bila kuchokozwa." Nilikuonea aibu. Nisamehe, lakini nilikuonea. Siku ile mimi nilikuwa chuo. Mama hakutaka kuizungumzia mpaka anakufa. Kwa nini ulimpiga?

Mdogo wako.


19 Mei

Mdogo wangu,

Barua hii haipiti kwa afande. Anayekuletea amemaliza kifungo leo, mpe chakula na nauli, usimwulize maswali.

Mimi sikumpiga.

Nilikuwa uani nateremsha nyama. Nikasikia kiti kimeanguka, halafu kimya. Kimya ndicho kilichonitisha. Nilipoingia, Komeo alikuwa amembana Mama kwenye gogo, amemlaza chali juu yake, mikono yote miwili shingoni. Uso wa Mama ulikuwa umeshabadilika rangi. Mkono wake mmoja ulikuwa unapapasa nyuma, ukaligusa shoka. Alimpiga kwa ubapa. Angeweza kugeuza makali, alikuwa na muda wa kugeuza, hakugeuza. Nilifika kumwinua tu.

Komeo alipopata fahamu hospitali alisema ni mimi. Mwanaume mzima aseme amevunjwa taya na mke wake? Afadhali mimi. Na mimi nikasema ndiyo. Mama alilia sana, nikamwambia, "Wewe ukifungwa nani atamlipia yule mtoto chuo? Mimi najua kubeba tu." Nikamwapisha asikuambie.

Sasa nakuambia ili utulie. Usione aibu tena juu yangu. Na uone kwamba Mama hakuwa mnyonge kama ulivyokuwa ukidhani. Alijitetea, akajizuia, akabaki mtu. Tufanye kama yeye. Chukua vitu vyako, mwache huyo mzee na stoo yake tupu.

Habari nyingine: wanapunguza wafungwa. Huenda nikatoka kabla ya siku ya dalali. Nikitoka nitakuja, lakini nitasimama getini kwa Komeo. Sitaingia. Nimeshaahidi.

Kaka yako.


Bucha, 2 Juni

Mdogo wangu,

Wamenikatalia kukuona. Wanasema mahabusu haonani na mtu aliyekuwepo kwenye tukio. Wakili anakuletea hii, ameniapia kwamba haisomi.

Nilinyamaza siku ile, sasa acha niongee.

Nilikuwa getini kama tulivyokubaliana. Nilimwona akitoa gogo. Vipande, mdogo wangu. Amelipasua kama kuni, akavitupa kimoja kimoja miguuni pako, na dalali anasoma karatasi: "Gogo moja." Ukamwambia dalali, "Hili si gogo." Akasema, "Dada, amri imesema lirejeshwe, haikusema likiwa hali gani, itabidi mrudi kwa hakimu." Na Komeo anacheka. Akaleta visu. Vyote amevisugua kwenye saruji mpaka makali yamekuwa meno ya mbuzi, isipokuwa kile chembamba, nadhani alikiona kimekwisha akakidharau. Nilisema moyoni, njoo hapa mdogo wangu, njoo tuondoke, vipande tutaokota.

Sikusikia alichokuambia pale mezani. Niliona tu midomo yake.

Sasa sikiliza vizuri. Dalali alikuwa ameinama anahesabu vipande. Askari alikuwa nje ya ukuta anavuta sigara. Walikuja wote baada ya ukelele, na mimi nilikuwa nimeshafika pale, nimekushika mkono wenye kisu, damu imetuchafua wote wawili. Aliyeona, mbali na mimi, ni Komeo peke yake. Na Komeo hatasema ni wewe! Tangu lini akubali kukatwa kidole gumba na binti? Nimesikia hospitali hajataja mtu. Anangoja apewe jina la kutaja.

Nimeshamwambia Wakili ni mimi. Kila mtu ataamini. Mfungwa aliyetoka juzi, mwenye kesi ya shoka, na yule yule mzee. Hata hawatasumbuka kuuliza. Mimi humo ndani napajua, nina kitanda, nina randa yangu. Wewe hutaweza. Wewe unasoma mpaka maboksi.

Usiandike maelezo. Usitie sahihi kitu chochote mpaka nije.

Kaka yako.


Mahabusu, 5 Juni

Kaka, shikamoo.

Nimeshaandika. Nimeshatia sahihi, jana, kabla barua yako haijafika, na hata ingefika kwanza ningetia.

Ni hivi. Alikuwa anasaini karatasi ya dalali kwamba amekabidhi. Mkono wa kulia una kalamu, wa kushoto ameulaza juu ya meza, kiganja chini, vidole wazi. Kisu chembamba kilikuwa kati yetu. Akasema bila kuniangalia, "Ulikuwa unajua mama yako alikuwa na shingo nyembamba? Mkono mmoja ungetosha. Mimi niliweka miwili kwa heshima." Alisema hivyo akimalizia jina lake. Hakunigusa, Kaka. Hakuninyanyulia mkono. Wakili anataka niseme alinivamia, na nimekataa.

Sikukata kwa hasira kama wanavyodhani. Nilitafuta kiungo. Nilikiona chini ya ngozi kabla sijashika kisu, kama ninavyokiona kwenye goti la mbuzi. Nikaweka ncha, nikaegemea. Hakuna mfupa uliovunjika. Kidole kilitoka kizima, na yeye alibaki na kalamu mkononi anakitazama kama cha mtu mwingine.

Ndiyo maana mpango wako hauwezi kusimama. Daktari ameandika kwamba kidole kimetenganishwa kwenye kiungo kwa mkato mmoja, na kwamba aliyekata anajua kazi. Hakimu akusimamishe wewe? Wewe ambaye ukipewa kuku unampasua kama unatafuta maji? Mama alikukataza kushika kisu ulipoharibu mguu wa ng'ombe mzima. Wakikuletea paja mahakamani na kukuambia litenganishe, tutacheka wote, hata mahabusu wenzangu. Usijaribu. Ukijaribu nitawaomba wakuletee.

Uliniandikia ya Mama ili nitulie. Nilisoma kwamba alikuwa na muda wa kugeuza makali na hakugeuza. Najua ulitaka nijifunze kwake. Mimi nilisoma usiku kucha sentensi ile moja nikijiuliza, kwa nini hakugeuza?

Tangu Februari nakuandikia wewe utulie. Nilijiona mimi ndiye ninayekushika mkono. Nimezirudia barua zangu kichwani humu ndani, maana hakuna kingine cha kusoma, na kila nilipoandika "wewe" palikuwa pangefaa niandike "mimi". Alipopiga ukelele sikuziba masikio. Nilisikiliza mpaka mwisho. Wewe ulikuja mbio, ukanishika kifundo cha mkono, ukasema, "Basi, mdogo wangu, basi," na sauti yako ilikuwa ya mtu ambaye hana tena ile kitu ndani yake. Nilikuonea wivu.

Wakili ananiuliza kama ninajuta. Nimemwambia nitamjibu nikijua. Jambo moja ninalijutia tayari: kwamba ulikuwa pale getini na uliona.

Kile kisu wamekichukua kama kielelezo. Kimeandikwa namba. Kesi ikiisha, mwenye mali anaruhusiwa kuomba arudishiwe. Wakili anasema haki hiyo ninayo, kwa sababu kuna hukumu ya mahakama inayosema ni changu. Aliposema hivyo tulitazamana, na yeye ndiye aliyeinamisha macho kwanza. Usiombe. Wala mimi sitaomba.

Vingine peleka kwa fundi avirudishie makali. Tafuta mkataji, umlipe vizuri, umwache akate anavyojua. Wewe beba. Na wakikuita kutoa ushahidi, sema ulichokiona, chote, usipunguze kwa ajili yangu.

Kijana wa machinjioni hufika saa kumi na mbili asubuhi na hagongi, anaiacha nyama barabarani. Amka mapema, umfungulie.

Mdogo wako.